Wavu Ndani ya Waya

Sabufa yetu ilivuma kama nyuki kila nilipoiunganisha na simu, kwa sababu waya wake ulipita kando ya waya wa umeme. Fundi redio wa pale mjini Bugene akaniuzia waya mwingine. Alisema ndani yake kuna wavu wa shaba unaozuia kelele za umeme. Nilipouchomeka, mvumo ukaisha.

Ukimya ule ndio ulionitia shaka. Kwa nje waya ulikuwa mpira mweusi tu, sawa na ule wa zamani. Mimi mkulima wa kahawa sinunui buni kwa kuambiwa imekauka, naing'ata kwanza. Nikachukua kisu cha jikoni.

“Baba watoto, si imeshanyamaza?” mke wangu akauliza. “Unatafuta nini tena?”

“Natafuta huo wavu.”

Wavu ulikuwepo, umesukwa vizuri kama kikapu, nami nilikuwa nimeshaukata wote. Nikaufunga kwa utepe wa nailoni wenye gundi, lakini sabufa ikavuma kuliko mwanzo.

Jirani aliyeusikia mvumo akaniuliza kama yule fundi wa Bugene anaaminika. Mke wangu alikuwa ananitazama.

“Siku hizi,” nikamjibu jirani, “usimwamini mtu.”