Walimtoa Eudy kwa Mtu Asiye na Jina

Ukutani kwa duka langu hapa Higüey, Jamhuri ya Dominika, kulikuwa na mchezaji wa besiboli wa kuchorwa, asiye na uso.

Kofia anayo. Glavu anayo. Jezi nyekundu anayo. Uso, hola. Wateja walishamzoea, wakipita wanampa shikamoo ya utani.

Ilianza hivi.

Mimi ni Nereida. Eudy ni mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea kwa wali na maharage ya duka hili hili. Alikuwa mdakaji wa timu yetu, Majogoo. Yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na barakoa ya chuma, anadaka mipira mpaka vidole vinajipinda kama tangawizi.

Uso wa ukutani ulikuwa wake.

Mwezi wa pili, msimu umeisha, tumepigwa kama ngoma, redio ikatangaza: Eudy anakwenda Barahona. Kwa timu ya Kaa! Watani wetu wa jadi!

"Na sisi tunapewa nani?" nikauliza.

Redio ikajibu kama imenisikia: "Mchezaji atakayetajwa baadaye."

Domino ziliacha kugonga meza.

"Mbuzi kwenye gunia," akasema Mon, mchora mabango wetu. "Tena gunia lenyewe bado liko Barahona."

Ndiyo besiboli hiyo. Unatoa mtu wako leo, wao wanakutajia wa kwao wakati wowote kabla mazoezi hayajaanza mwezi wa kumi. Wewe kaa usubiri.

Eudy alipokuja kuaga alimkuta Mon juu ya ngazi, anaupaka chokaa uso wake wa ukutani. Nilibishana na mtaa mzima, wakanishinda: sura ya Kaa haikai kwenye ukuta wa Majogoo.

Akautazama ukuta. "Mamdogo, wamenitoa kwa nani?"

"Hawajasema bado."

"Basi nimeuzwa kwa hewa." Akaondoka bila kula.

Hilo ndilo lililonikaa kooni. Kubadilishwa, wachezaji wote wanabadilishwa. Lakini mimi nilitaka jina. Nilitaka kujua mwanangu amewekwa kwenye mizani na nani.

Meneja mkuu wa Majogoo, Don Fausto, ananunua sigara kwangu. Nikamganda.

"Don Fausto, jina!"

"Subira, Doña Nereida. Anayekuja atawafunga midomo."

"Mrushaji?"

"Subira."

"Wa mkono wa kushoto?"

"Subira huvuta heri."

"Hiyo heri inavutwa na punda gani, mbona haifiki?"

Watu wakaangua kicheko. Akatoka mbio, sigara kaziacha kaunta.

Mtaa ukajijazia wenyewe. Mara ni Mkuba anayerusha mpira hauonekani. Mara ni jitu la Panama. Jirani yangu aliapa kamwona stendi, anakula kuku wawili peke yake.

Eudy naye kahamia Barahona. Nikimpigia, "nipo, Mamdogo," basi, kakata. Jumapili namfunikia sahani yake. Jioni nafunua, nampa mbwa.

Ikafika siku ya mwisho ya kutaja. Duka limefurika, watu wamepanda makreti ya bia, mchuzi wa sancocho unatokota jikoni. Mon yuko juu ya ngazi, brashi mkononi, tayari kumpa mtu uso.

Redio: Kaa wamesajili mdakaji kijana kutoka Venezuela. Wadakaji wamewazidi. Hivyo, kukamilisha mabadilishano ya mwezi wa pili, wanawapa Majogoo...

Eudy.

"Huyo si ndiye tuliyewapa?" mtu akauliza.

"Ndiye."

"Kwa hiyo tumembadilisha Eudy kwa..."

"Kwa Eudy."

Nikaipiga redio kofi. Miezi yote hiyo! Subira yote ile! Heri ya Don Fausto ndiyo hii?

Mlango ukaingiza kivuli. Eudy mwenyewe, begi begani. Barahona walimwambia asubuhi, akapanda basi.

"Mamdogo," akasema, "mimi ndiye yule atakayetajwa baadaye."

Hakuna aliyejua acheke au alie. Macho ya Eudy mekundu.

"Kule hawanitaki, hapa hawakunitaka. Nimekuwa bei yangu mwenyewe."

"Wee, kaa ule," nikamwambia. "Nilikuwa nadai jina, leo nimepewa. Wamezunguka nchi nzima kutafuta wa kulingana na wewe, wamemkosa. Ikabidi wakulete wewe."

Akajitahidi kununa. Mdomo ukamsaliti, akacheka, na kijiko tayari kiko mkononi.

"Sasa geuka huku nikuchore!" Mon akapiga kelele toka juu ya ngazi. "Pua nikupunguzie?"

"Pua iache!" nikamjibu. "Hiyo ni ya dada yangu."

Ndugu zangu, wenye timu wana haki ya kumtaja mtu baadaye, ndiyo biashara yao. Wewe wa kwako mtaje mapema kuwa ni wako, mbele ya watu, kabla hajabeba begi. Na brashi ya jirani isipande ukuta wako.