Mpira Aliouweka Chini Bunu

Wenzangu mliokulia mtaa wa Langoni hapa Lamu, msiniambie mmeisahau ringi yetu ya mpira wa kikapu. Ilikuwa duara la chuma lililong'olewa kwenye pipa bovu, likapigiliwa kwenye bawa la mlango mkuukuu, na bawa lenyewe likafungwa juu ya boriti mbili nyuma ya karakana ya maseremala. Mlango ule ulikuwa na nakshi. Katikati palichongwa ua, na mpira ukiligonga ua lile ulikwenda unakotaka wenyewe. Mgeni akija kucheza alitupa vizuri kabisa, akaanza kushangilia, kumbe mpira umeshamwangukia punda wa watu. Sisi tuliolijua ua tulicheka mpaka tukakaa chini.

Kikapu kilitoka kijiji cha Kipungani. Bunu, rafiki yangu, alikuwa na shangazi kule, msukaji wa mikeka, naye alisikia kwamba vijana wa Langoni wanacheza mchezo wa kutia mpira kikapuni na kikapu chenyewe hawana. Akatusukia cha ukili, kisicho na kitako. Mpira ukipita mle bila kugusa chuma ulitoa sauti ya mtu anayefagia mara moja tu kwa ufagio mpya. Mpaka leo nikisikia ufagio asubuhi huwa nageuka.

Sakafu tuliipiga wenyewe, chokaa na kokoto, tukaitwanga kwa mbao huku tunaimba, vile vile watu walivyokuwa wakitwanga dari za nyumba. Ikawa ngumu na nyeupe, na ndiyo iliyotuponza. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani hakuwa na haja ya kuuliza nani alikuwa wapi. Alitazama miguu. Mwenye nyayo nyeupe alisogea mbele mwenyewe, akaunyosha mkono, akala bakora zake, kisha akarudi kwenye juzuu yake kama hakikutokea kitu. Nyumbani nako mama alinisubiri kwenye daka la mlangoni. "Huo mpira ndio utakaokuzika, Omari?" Kila siku swali ni hilo hilo. Nilikuwa simjibu, naingia ndani kichwa chini, nachota maji ya mtungi yaliyofukizwa ubani, na kupitia dirishani nasikia mafuta ya jirani yetu yanachacharika, anakaanga viazi vya karai. Viazi vile na ukwaju wake! Siku hizi wanakuuzia chipsi zilizolala, na tomato ya chupa, na kijana anakwambia hiyo ndiyo raha.

Sasa nije kwa Bunu, maana ndiye aliyenishikisha kalamu.

Bunu hakuwa mrefu. Ukimkuta kwenye baraza anashona kofia, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake mpaka macho yakamkataa, usingedhani. Lakini vidole vile vilivyokuwa vikitoboa vitundu vya kofia mchana kutwa, jioni vilikuwa vikiushika mpira, wallahi mpira ulikuwa unatii. Alipiga pasi bila kutazama. Alilijua ua la mlango kuliko fundi aliyelichonga, akawa anatupa kusudi kwenye ncha ya jani la kushoto, mpira unapinda, unaingia. Watu wa Mkomani, mtaa wa pili, walisema tumeufanyia mlango uchawi. Nasi tulipokodoa macho kwenye mpira tukiudundisha alitugombeza kwa Kiamu chake: "Usiukodolee mato, mpira hauna maguu! Mwangalie mwenzio!"

Mwangalie mwenzio. Nendeni uwanjani leo mkatafute anayemwangalia mwenzake. Wana viatu vya rangi za peremende, wana suruali zenye majina ya watu wa Marekani mgongoni na pajani. Wanaruka, sikatai, wanaruka kama wamekanyaga kaa la moto. Lakini kijana akitia mpira mmoja anajipiga kifua, anaonyesha mbinguni, anamtafuta aliyeshika simu amuulize kama imeingia, na wakati huo aliyekuwa akimlinda ameshafika upande wa pili amefunga. Akikosa, anaikagua mikono yake kana kwamba ameiazima. Halafu jioni wamekaa hapo wanabishana mpaka mishipa ya shingo inawatoka: nani mkubwa kati ya wachezaji wawili wa Marekani, yule wa zamani au huyu wa sasa? Wote wawili hawajawahi kuiona Lamu hata kwenye ramani.

Nataka niwaambie jambo moja la zamani zetu ambalo halipimwi kwa kuruka. Uwanja wetu ulipakana na njia ya makaburini. Jeneza likipita, mchezo ulisimama. Si kusimama pembeni, hapana. Mpira uliwekwa chini pale pale ulipokuwa, kila mtu akatoka, akapokezana jeneza begani, hata kama ni hatua chache, hata kama maiti humjui. Sheria hiyo hakuna aliyeiandika. Ndivyo tulivyolelewa, basi.

Ikaja fainali ya Langoni na Mkomani. Nyinyi mliokuwapo mnajua jinsi mji ulivyogawanyika wiki ile, hadi shemeji walikuwa hawasalimiani. Uwanja ulijaa, watu juu ya madari, watu juu ya kuta. Tulikuwa sare na muda umekwisha, kilichobaki ni mtupo mmoja tu wa Bunu, kwa sababu amechezewa rafu. Amesimama peke yake kwenye mstari, hakuna wa kumzuia. Mtupo ambao angeuingiza akiwa na homa. Amekwisha kuinua mikono.

Jeneza likatokeza pembeni mwa karakana.

Lilikuwa jeneza la kuhuzunisha. Wazee wanne tu wamelibeba, wanayumba, nyuma hakuna mtu. Tulikuja kujua baadaye kwamba maiti alikuwa mchukuzi mmoja kutoka upande wa Pate, hana jamaa mjini. Na nitasema kweli, kila mtu uwanjani alikuwa akimwomba Bunu kimoyomoyo: tupa kwanza. Jeneza si lingefika tu? Bunu aliinama. Akauweka mpira juu ya mstari, akauzuia kwa kijiwe usibiringike, akajifuta mikono kwenye fulana, akaenda akaingiza bega lake chini ya jeneza mahali pa mzee aliyekuwa nyuma. Basi tukamfuata. Langoni tukafuata, Mkomani wakafuata, waliokuwa juu ya kuta wakashuka. Mchukuzi yule asiye na jamaa alizikwa na umati ambao hata tajiri wa mji hakuwahi kuupata.

Tuliporudi adhana ya magharibi ilikuwa inatoka, na mtupo haukutupwa tena. Kesho yake mwamuzi, mwalimu wa michezo, akafungua kitabu chake cha kanuni na kutusomea kwamba aliyeweka mpira chini na kutoka ndiye aliyeuacha mchezo. Kikombe kikaenda Mkomani. Mimi nilitukana, nilirusha kiatu, nililia kwa hasira mbele ya watu. Bunu alicheka. "Wape," akasema, "wakanywee chai."

Kwa hiyo hakuna kikombe chenye jina la Bunu. Hakuna picha. Kilichobaki ni vinywa vyetu, na vinywa vyetu vinafungwa kimoja kimoja.

Mwaka jana nilikuwa nimekaa na Swaleh, mtoto wa dada yangu, ndiye nahodha wa vijana wa sasa. Yeye na wenzake wako kwenye ubishi wao wa kila siku. Nikasema, "Mkubwa kuliko wote anashindwa kushuka ngazi hapo nyuma ya msikiti kwa sababu ya magoti." Wakageuka. Nikawasimulia, ua la mlango, pasi, mtupo, jeneza, yote. Nilisimulia vizuri, najijua nikiwa na moto wa maneno. Nilipomaliza, mmoja wao akauliza, "Sasa mjomba, huyo ana pete ngapi?"

Nikamwambia anayo moja, ya akiki, aliachiwa na babake. Wakaangua kicheko. Kumbe huko Marekani washindi huvishwa pete, na hizo pete ndizo zinazohesabiwa. Swaleh naye, damu yangu, akaniwekea mkono begani kwa upole ambao ulinichoma kuliko kicheko: "Mjomba, stori ni noma, lakini klipu iko wapi? Kama hakuna klipu, si ni hekaya tu?"

La haula! Hekaya! Mtu yuko hai, anakohoa nyumba ya pili, tayari ni hekaya.

Nikasema basi, huyu mtu lazima aheshimiwe angali hai. Bahati ikaja yenyewe. Mgeni mmoja mwenye hoteli Ras Kitau alijitolea kuukarabati uwanja wetu ule ule: saruji ya rangi, ringi za kutoka nje, ubao unaopitisha mwanga kama kioo. Nilimfuata Swaleh mara kwa mara, nikamwambia siku ya kufungua, mtupo wa kwanza mpeni Bunu. Mtupo wake, deni lake la miaka yote hii ambalo hakuwahi kulidai. Akaniapia. "Sawa mjomba, hiyo nimeimaliza."

Nikaenda kumwambia Bunu. Alinitazama kama nimemletea habari ya kuoa. "Mimi? Yeo, na uzee huu?" Akacheka, akakohoa, lakini nilimwona akivitazama vidole vyake. Siku ile alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia aliyoishona mwenyewe, ya mwisho mwisho kabla ya macho kuharibika. Tulimshika mkono, mimi na mkwewe, hatua kwa hatua mpaka uwanjani. Wakampa kiti cha plastiki, nyuma ya spika. Muziki, hotuba, muziki. Akatambulishwa mgeni, akatambulishwa mke wa mgeni, akatambulishwa kijana mmoja wa Nairobi ambaye eti ana wafuasi wengi kwenye simu. Huyo ndiye aliyepewa mtupo wa kwanza. Akakosa, akarudia, akakosa, watu wakapiga makofi vile vile.

Mimi nilikuwa nimeshasimama, nikimtafuta Swaleh nimtie adabu mbele ya kadamnasi. Bunu akanivuta kanzu. "Kaa, Omari. Usitie aibu." Kisha akauelekeza uso wake kwenye ringi, sijui alikuwa anaona nini. "Ubao ni mzuri," akasema. "Lakini hauna ua."

Swaleh alikuja jioni kuniomba radhi. Programu ilijaa, alisema. Nilimjibu sawa.

Bunu alifariki mwezi uliopita. Alhamisi, tulimswalia baada ya alasiri, saa ile ile ya mpira. Tulikuwa wachache, maana rika letu wengine wameshatangulia, wengine wako Mombasa kwa watoto wao, wengine ndio hao magoti. Nilichukua mguu wa jeneza wa mbele kulia, nikakataa kumpokeza mtu. Na njia ya makaburini, kama mnavyojua, haijahama. Tulipoikaribia kona ya karakana nikaanza kuusikia mpira kwenye saruji. Nikajiambia, leo wataona. Leo hawahitaji klipu, jeneza lenyewe hili hapa.

Tukatokeza. Mpira ukasimama, nitawapa haki yao. Walisimama kwa adabu, mmoja akatoa visikizio masikioni, mwingine akashusha muziki. Swaleh alikuwa katikati, mpira ameubana kwapani. Nilimtazama usoni. Nilimtazama kwa nguvu zangu zote, nikiwa siwezi kusema kwa sababu midomo ilikuwa kwenye shahada: uweke chini, mwanangu. Uweke chini tu. Yeye akainamisha kichwa. Nikamsikia aliye kando yake akiuliza, "Nani huyo?" na Swaleh akajibu kwa sauti ya chini, "Mzee mmoja, rafiki ya mjomba."

Hakuna aliyekuja. Si kwamba ni wabaya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu mtu mbaya unamlaani ukapumua. Hawa walikuwa wanangoja tupite, kwa heshima, wamalizie mchezo wao. Sisi tuliomkusanyia mchukuzi wa Pate umati wa mji mzima tukampitisha Bunu wetu pale kwa mabega ya wazee, tunayumba, nyuma hakuna mtu.

Mama aliniuliza kila siku kama huo mpira ndio utakaonizika. Sasa ninalo jibu lake, kwamba hautanizika, naye hayupo wa kuambiwa. Kabla hatujafika kona ya pili, mpira ulianza tena kudunda nyuma yetu, na kwa udundaji ule nilijua aliyeushika ameukodolea macho. Nilitaka kuziba masikio, lakini mikono yangu ilikuwa imemshika Bunu.