Mashine Mbili, Jicho Moja

Mama, aliyevuka mpaka kutoka Butembo na kuhamia Bwera akiuza vitenge, alikuwa na kisukari kilichomletea uvimbe nyuma ya jicho. Mara kwa mara nilimpeleka kliniki ya macho Kasese, ambako alidungwa sindano jichoni na mashine ilipima unene wa retina, utando wa ndani unaopokea mwanga. Safari moja mashine ilikuwa imeharibika, tukaelekezwa kliniki nyingine. Kipimo cha huko kilisema retina imezidi kuvimba.

Mama aliketi kwenye benchi. "Nimechoka, mutoto yangu. Masindano yote ile ya mu jicho, ilikuwa bure?"

Hata mimi nilikuwa nimechoka.

Tulipompelekea majibu, daktari wake wa kliniki ya kwanza alizitazama picha za mashine zote mbili. "Mama, hizi mashine mbili hazianzi kupima mahali pamoja," alisema. "Ile ya pili inahesabu tabaka ingine chini, ndiyo maana inasoma nene. Usilinganishe. Ngoja yetu itengenezwe."

Ilipotengenezwa tulirudi. Jicho halikuwa limebadilika: uvimbe haukuzidi wala haukupungua. Nilitarajia Mama afurahi, lakini alisema tu, "Basi iko vile vile," akaniomba tupumzike kidogo kabla ya kurudi nyumbani.