Siku nilipobeba muhuri wa ngome hadi Mutuini

Wakuu, sasa. Hii ni yangu mwenyewe na sijaongeza chumvi. Wife akiisoma atawathibitishia.

Miaka ya elfu mbili na kitu nilikuwa karani wa kaunta kwenye posta moja hapo CBD, Nairobi. Jumamosi moja tukaletewa muhuri wa picha, ngome ya Mombasa imechorwa katikati na tarehe chini yake.

Kwa wasiojua: muhuri kama huo hutumika siku moja tu. Mkifunga, unawekwa kwenye sefu, supavaiza anasaini kitabu kwamba ameuona, halafu Jumatatu unaharibiwa mbele ya mashahidi.

Ukibaki nje, mtu anaweza kugongea bahasha mpya na kuziuza kama za siku ile. Hiyo ni jela.

Wakusanyaji stempu walijaa, wazee wa heshima zao lakini wanasukumana kama wako foleni ya unga. Mmoja wa Ngara alinirudishia bahasha mara tatu.

"Kijana, hii ngome imejaa wino. Gonga pole pole."

Nikaenda dirishani kwenye mwanga, nikamgongea vizuri, akafurahi. Muhuri nikautia mfuko wa koti.

Saa saba tukafunga. Kichwa kilikuwa kinaniuma. Nikachukua muhuri wa kawaida nikidhani ndio ule wa ngome, kishikio ni kilekile, nikaufunga kitambaa na kumpa Mama Mwende, supavaiza wetu.

Alikuwa amechelewa harusi, na mimi nikamharakisha. Akauweka kwa sefu, akasaini. Hakufungua kitambaa.

Saa kumi niko nyumbani Mutuini, natundika koti, likagonga ukuta ko! Nilipotoa ule muhuri wa ngome niliketi sakafuni. Wakuu, niliogopa. Wife alidhani nimepata habari ya msiba.

"Si urudishe tu?"

"Wapi? Kumefungwa mpaka Monday."

"Basi tupa mtoni, useme hujui."

Nilifikiria, siwadanganyi. Mwishowe nikauficha ndani ya soksi.

Jumapili kanisani sikusikia neno hata moja la mahubiri. Mgeni yeyote akipita karibu na geti, kwangu ni CID.

Jumatatu nilifika kabla ya wote, nikamweleza Mama Mwende. Alishika kaunta kwanza. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba jina lililo kitabuni ni lake, na amebakisha mwaka mmoja astaafu.

Nikamwambia, "Mama, tubadilishe tu kabla mashahidi waje."

"Umegonga ngapi na hii kitu huko kwenu?"

"Hata moja."

"Sawa. Kaa hapo."

Mashahidi walipofika, akaandika kwamba alisaini bila kuangalia, na kwamba mimi nimeurudisha mwenyewe. Aliikandamiza kalamu hadi ikachana karatasi.

Mimi nilipewa barua ya onyo. Yeye alihamishiwa mbali, na bwana yake mgonjwa akabaki Nairobi.

Nilichojifunza: angalia mifuko kabla ya kutoka kazini, na usimharakishe mtu anaposaini.

Siku anaondoka nilimbebea mabegi hadi stage. Nilikuwa nimepanga kumwomba msamaha. Nikaogopa tena, nikamwambia safari njema.

Kama kuna hapa mtu aliyewahi kubebewa kosa lake na mwingine, naomba uniambie: baada ya miaka hii yote, unaanzia wapi kuomba msamaha?