Mama Kulwa Hafutwi Kwenye Faili

Leo nimeambiwa nimfute Mama Kulwa.

Nilikuwa steshenari hapa Tabora mjini, natuma maombi ya mizinga ya kisasa kwa ajili ya kikundi chetu cha wafuga nyuki wa Kigwa. Leo ndiyo siku ya mwisho.

Mfumo unapokea faili lisilozidi MB 2. Letu lina MB 41!

Kwetu kila mwanachama anapigwa picha na mzinga wake. Tuko kumi na wanne. Ukimwacha mmoja, utajieleza kikao kizima.

Nikavuta kona za picha mpaka zikawa ndogo kama stempu. Faili bado MB 41. Jamani!

Mwenye steshenari akacheka. "Dada, bakiza ya mwenyekiti tu. Na huyu mama aliyevimba jicho muondoe kwanza, anaharibu maombi."

Aliyevimba jicho ndiye Mama Kulwa. Nyuki walimuuma asubuhi ileile ya kupigwa picha, na bado akagoma kuahirisha picha.

Nikamjibu, "Hafutwi mtu hapa."

Nikarusha picha zote kwenye grupu letu la WhatsApp, nikazipakua tena zikiwa nyepesi, nikazipanga upya kwenye faili.

MB 1.6. Limepita!

Kaka wa steshenari akasogea kwenye skrini. Halafu, kwa upole kabisa: "Dada, umefanyaje?"

Sasa Mama Kulwa yuko ukurasa wa kwanza, na jicho lake vilevile. Mwenyekiti nimemweka wa mwisho.

Anayeona tumeharibu maombi aseme hapa chini. Mama Kulwa mwenyewe anasoma.