Jumamosi Saba za Utando wa Seli

Kuna msichana alikosea mchoro mmoja Jumamosi sita mfululizo, na mimi mwalimu wake sikukasirika hata siku moja.

Naitwa Mwalimu Lornah. Nilistaafu, mume wangu akafariki, nikabaki na redio katika chumba kimoja pale mtaa wa Adams Arcade. Nilikuwa mpweke, sifichi. Tuisheni ya Ciru wa kidato cha nne, huko mtaa wa matajiri wa Loresho, ndiyo pekee iliyonifanya nipige nguo pasi.

Mada ilikuwa utando wa seli.

"Ciru mama, hii molekuli iko na kichwa na mikia. Kichwa kiko na fosforasi, kinapenda maji. Mikia ni mafuta, inakimbia maji. Sasa mikia itaangalia wapi?"

"Nje, Ticha."

"Kwa maji? Zii! Nje ya seli ni maji, ndani pia ni maji. Zinajipanga safu mbili, vichwa kwa maji, mikia katikati. Bila hiyo fosforasi, mafuta yangejikusanya matone tu, na seli ikose utando."

"Ooh. Sasa nimeshika."

Jumamosi iliyofuata, mikia nje tena.

Tunarudia. Tunakunywa chai. Ananiuliza goti langu linaendeleaje. Jumba zima lile lilikuwa lake na televisheni, maana mamake alifanya kazi ng'ambo, na babake, Bwana Mbuthia, alikuwa mtu wa kuingia na kutoka.

Jumamosi ya saba, Mbuthia akaketi nasi.

"Mwalimu, wiki hizi zote ni mada moja? Leo achore nikiona. Akikosea, natafuta mtu mwingine."

Ciru akaniangalia. Akashika kalamu.

Vichwa kwa maji, mikia katikati. Akaongeza hata protini na kolesteroli, ambazo sikuwa nimemfundisha.

"Kumbe ameshika!" Mbuthia akacheka. "Basi asante sana, Mwalimu. Kazi imeisha."

Ciru alikuwa ameliokoa jina langu. Machozi yalimlenga.

Sasa niseme ukweli.

Wiki ya pili, nikitoka msalani, nilimsikia akimwelekeza rafiki yake kwa simu: "Mikia inakaa ndani, maze! Vichwa ndio ziko kwa maji."

Nikarudi mezani nikajifanya sijasikia. Nikamfundisha upya wiki baada ya wiki.

Siku hiyo ya mwisho alinisindikiza hadi getini.

"Ticha, si utakuja tu kutusalimia?"

"Tutaona," nikajibu. Niliona aibu kusema nataka kuja; aibu ya nini, hata sijui.

Wenzangu, ukitaka mtu akae nawe, mwambie hivyo kwa mdomo wako. Usijifiche nyuma ya kazi. Kazi huisha.