Mkono wa Shangazi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kwa miaka ishirini na miwili hakukosa mkutano wa mtaa hata mmoja. Alikuja na kigoda chake, akakaa mstari wa mbele, akauliza maswali mpaka mwenyekiti akafuta jasho. Mama yangu, wifi yake, ndiye katibu. Alizoea kumtania: "Wifi, leo tuachie na sisi angalau neno moja."

Kisha wakubwa wakaugawa mtaa. Mpaka wakaupitisha katikati ya barabara, na nyumba ya shangazi, inayotazamana na ukumbi wetu mlango kwa mlango, ikaangukia mtaa mpya. Ofisi ya huko ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Alikwenda mara mbili, akarudi mnyonge.

"Nimenyoosha mkono, wakaniuliza mimi nani," alituambia. "Mtu mzima kama mimi."

Hakwenda tena. Aliyechora mpaka ule sijui alikuwa na haraka ya nini.

Siku za mkutano wetu shangazi husogeza cherehani barazani. Mlango wa ukumbi huachwa wazi, kwa hiyo husikia kila kitu. Hushona kidogo, husikiliza sana. Ametukumbuka mno, anatamani hata kukatizwa na mwenyekiti.

Mwezi uliopita tulijadili maji ya mvua. Mwashi mmoja alitaka mfereji uvuke barabara, maji yamwagike ng'ambo. Wengine tukasema ng'ambo nako wanakaa watu. Ikapigwa kura ya mikono. Waliotaka, kumi na tisa. Tuliokataa, mama akatuhesabu kama alivyozoea, akamalizia mlangoni.

"Kumi na tisa."

"Katibu, hebu rudia," mwenyekiti akasema.

Mama akageuka kutazama alikomalizia. Kule ng'ambo, barazani, shangazi alikuwa amenyoosha mkono, sindano ingali vidoleni.

Mama akatazama daftari lake. Wanasema damu ni nzito kuliko maji. Mimi ningedanganya.

"Kumi na nane," akasema.

Shangazi alisikia. Akashusha mkono taratibu, akainamia kitambaa chake.

Mkutano ulipokwisha mama alivuka barabara, nami nyuma yake. Alisimama mbele ya cherehani, daftari kifuani.

"Wifi, nisamehe. Maji yatakuja kwako."

"Yatakuja," shangazi alisema. Akakata uzi kwa meno. "Lakini kwanza ulinihesabu."